Roho ya mathenge iko futi moja chini

Kwa Jumapili kadhaa sasa tumekuwa tukizungumza juu ya mambo ya kupendeza macho: waridi za mlangoni, nyasi za uani, na jinsi ya kuotesha dania katika mkebe wa rangi kwa wale wanaoishi orofani. Leo niwie radhi. Leo nataka tuongee juu ya adui, tena adui aliyeniaibisha mbele ya dada yangu mkubwa, mimi niliyejifanya bingwa wa bustani.

Dada yangu ameolewa Isiolo. Nyumba yake iko nje kidogo ya mji, si mbali na mto, na nyuma ya nyumba ana kipande cha ardhi ambacho ukikipima kwa miguu utapata hatua thelathini kwa ishirini. Mtu wa Nairobi akikiona atasema ni uwanja wa watoto kuchezea. Lakini kutokana na kipande hicho dada huvuna sukuma wiki, mchicha, managu na nyanya, akaziuza sokoni asubuhi, na pesa hizo ndizo zinazomsomesha kijana wake wa mwisho ambaye yuko sekondari ya bweni. Kwa hivyo tunapozungumza juu ya bustani ile, hatuzungumzi juu ya pambo.

Nilimtembelea Desemba moja, miaka miwili iliyopita. Nilipoiona ile bustani nikaanza kutoa mawaidha, maana wajua tena mtu akiandika katika gazeti hujiona amesoma kuliko wengine. Nikamwambia udongo wake umechoka na unahitaji samadi. Kwa bahati jirani, mwalimu mstaafu, ana boma la mbuzi. Nikamwomba samadi, akanikubalia bila kudai hata senti. Nikabeba magunia kumi na mawili kwa mkokoteni na kuyamwaga bustanini siku hiyo hiyo, ikiwa bado mbichi. Halafu nikaona pembeni majani membamba, mabichi, yanayong'aa, yenye shina la pembe tatu. Nikazitambua: ndago. Nikashika jembe, nikazikatakata kwa hasira ya mtu aliyetukanwa. Jioni nikaoga, nikala, nikalala usingizi wa mshindi. Kesho yake nikapanda gari la Nairobi.

Niliporudi Agosti iliyofuata, dada hakunipa hata maji ya kunywa kwanza. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. "Mdogo wangu," akasema, "haya ndiyo uliyoniletea?"

Nusu ya bustani ilikuwa zulia la ndago. Na katika nusu ile nyingine, katikati ya mistari ya sukuma, ilikuwa imesimama miche ya mathenge, mingine yenye urefu wa kiganja, mingine ikinifika magotini, yote na miiba yake tayari. Kibaya zaidi, yule kijana wa sekondari alikuwa amelala sebuleni, mguu juu ya mto. Mwiba wa mathenge ulikuwa umepenya soli ya ndara alipokuwa akimwagilia mboga. Waliung'oa wakadhani yameisha. Kumbe ncha ilibaki ndani, mguu ukavimba hadi kwenye kifundo, na ilibidi apasuliwe kidogo hospitalini na kuchomwa sindano ya pepopunda. Shule zilipofunguliwa alichelewa wiki mbili nzima.

Basi nataka nikueleze yote niliyojifunza siku zile, ili makosa yangu yakufae wewe bila wewe kuyarudia.

Aliyenifungua macho ni yule Mwalimu mwenye mbuzi. Nilipomweleza shida yetu alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akaniuliza, "ulifikiri mbuzi wangu hula nini wakati wa kiangazi?" Hula maganda ya mathenge. Maganda yale ni matamu, yana sukari, na mifugo huyapenda mno. Lakini mbegu yenyewe imevaa koti gumu, na nyingi hupita tumboni zikatoka upande wa pili zikiwa hai, zimelainishwa kidogo na tayari kuota, tena zimefunikwa na mbolea yao wenyewe. Mimi nilikuwa nimempandia dada yangu shamba la mathenge kwa mikono yangu, magunia kumi na mawili.

Msomaji aliye mjini huenda hajawahi kuuona mti huu, ingawa wa kutoka Garissa, Turkana, Tana River, Baringo au Isiolo hahitaji kuelezwa. Kwa jina la kitaalamu huitwa Prosopis juliflora. Waturkana huuita etirai. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na hapa kwetu haukuja kwa bahati mbaya, uliletwa. Mwaka 1973 ulipandwa katika machimbo ya mawe ya Bamburi, karibu na Mombasa, ili kuirudishia uhai ardhi iliyochimbwa. Katika miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo na sehemu nyingine kavu kwa nia njema kabisa: watu wapate kuni, kivuli na kinga dhidi ya upepo wa mchanga. Wakati huo jangwa lilikuwa likiogopwa kama ugonjwa, na hapa palikuwa na mti usiojali jua, usiojali chumvi, usioliwa majani na mbuzi. Nani angeukataa?

Mti ukashukuru kupita kiasi. Ukajaza kando za mito na malisho, ukafunga njia. Mwaka 2006 wakazi wa jamii ya Ilchamus huko Baringo walienda mahakamani kuishtaki serikali kwa ajili ya mti huu, na wakamleta mbuzi aliyekuwa hana meno ili majaji wajionee wenyewe maganda yale matamu yanavyowafanya mifugo. Watu wengi walicheka walipoyasoma hayo magazetini. Mfugaji ambaye mbuzi wake hawezi tena kutafuna hakucheka. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari katika nchi ya Kenya.

Sasa tuje kwenye mizizi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Kuna habari moja maarufu ya mti wa jamii hii huko Marekani, karibu na mji wa Tucson katika jimbo la Arizona. Wachimba migodi walikuta mizizi yake iliyo hai ikiwa mita 53 chini ya ardhi. Hebu fikiria jumba la orofa kumi na tano na ushee, kisha uligeuze kichwa chini. Dada yangu aliposikia hivyo aliketi juu ya ndoo akasema, "Basi tuhame."

Lakini sikiliza, msomaji, maana hili ndilo jambo kubwa la leo. Mwalimu aliniambia niache kuuliza mzizi unafika wapi. Niulize roho ya mmea iko wapi. Mzizi wa mathenge hata ukifika maji ya kuzimu, mzizi wenyewe hauoti tena. Macho yanayochipuka yako kwenye shingo ya mti, pale shina linapokutana na mizizi, juu kidogo ya ardhi na chini yake kidogo. Ukikata mti juu ya ardhi kwa panga, umeusaidia tu: shina moja litarudi likiwa mashina kumi, na kile kilichokuwa mti kitakuwa kichaka. Lakini ukichimba ukakata chini ya shingo ile, kama futi moja hivi chini ya uso wa ardhi, sehemu iliyobaki haina macho. Itaoza huko huko iliko. Mita hizo nyingine 52 na zaidi si kazi yako.

Tulifanya hivi. Miche midogo, isiyozidi unene wa kalamu, tuling'oa kwa mkono siku moja baada ya kumwagilia maji mengi, udongo ukiwa umelegea. Usivute kwa pupa. Mche wa urefu wa kiganja una mzizi mrefu kuliko wenyewe, na ukikatikia shingoni umefanya kazi bure. Shika chini kabisa, vuta polepole, tikisa, vuta tena. Kwa ile iliyokuwa minene kama dole gumba au zaidi tulitumia sururu na shoka. Kwanza punguza matawi yote yenye miiba na uyatupe mbali na njia, lakini shina liache lifike kiunoni mwako. Watu wengi huanza kwa kulikata chini, halafu wanabaki hawana pa kushika. Shina lile ndilo wenzo wako. Chimba kulizunguka mpaka uione mizizi ya kwanza ya pembeni, kisha kata chini ya hapo na ulisukume shina upande huu na upande ule. Litang'oka, na utasikia raha ambayo siwezi kuieleza.

Vaa gambuti. Si ndara, si raba, na hata akala za gurudumu usiziamini sana. Vaa glavu nzito pia, kama huna funga gunia mikononi. Mwiba ukikuchoma, osha kwa maji na sabuni, na ukiona uvimbe unapanda usingojee dawa za mitishamba, nenda zahanati. Tumeshalipa ada ya somo hilo.

Wapo watakaokushauri umwage oili chafu ya gari kwenye kisiki. Nimeona hata watu wazima wenye akili wakifanya hivyo. Pale dada alipo, mto uko karibu, na ardhi iliyomwagiwa oili hutaipandia mboga ya kumlisha mtu kwa muda mrefu. Wengine huwasha moto wa makaa juu ya kisiki na kuuacha ufukute usiku kucha. Kwa kisiki kikubwa kilicho mbali na nyumba na ua, sawa, lakini si katikati ya nyanya. Kuhusu dawa za kuua magugu zinazouzwa madukani, mimi katika bustani ya mboga ya hatua thelathini sitazipendekeza, na mwenye kutaka kunilaumu aandike barua.

Mathenge tuliumaliza kwa siku nne, mimi, dada na vijana wawili wa jirani. Ndago ni hadithi nyingine.

Kwani ndago haina shingo. Roho yake haiko mahali pamoja. Ukichimba utakuta vijiazi vidogo vyeusi, vingine havizidi punje ya mahindi, vimeungwa kwa nyuzi nyembamba kama shanga za mkufu. Kile kilicho karibu na uso wa ardhi ndicho kinachotoa majani, na maadamu kinaota, hivi vingine huwa vimelala. Ukija na jembe ukakata nyuzi zile, kama nilivyofanya mimi ile Desemba, umeviamsha vyote. Kila kimoja kinajiona sasa ni mzee wa nyumba, na kila kimoja kinatoa majani yake. Ndipo pembe moja ya ndago ikawa nusu ya bustani. Na usidhani utazifunika kwa karatasi ya nailoni. Ncha ya ndago ni kali kama sindano, hutoboa nailoni ikachungulia nje kana kwamba inakusalimia.

Ila ndago ina udhaifu wake, na Isiolo ina silaha ambayo Limuru haina: jua. Vijiazi vile haviwezi kustahimili kukauka. Dada alikubali, kwa uchungu, kutopanda chochote katika nusu ile ya bustani kwa kiangazi kizima. Niliona uso wake akihesabu mafungu ya sukuma yatakayokosekana sokoni. Tukachimbua kwa jembe la meno, si lile bapa, ili tuinue mabonge ya udongo bila kukatakata. Kina cha shubiri moja kinatosha kwa sehemu kubwa ya vijiazi. Tukayaacha mabonge yapigwe na jua bila tone la maji, na baada ya kama wiki mbili tukayageuza upande wa pili. Vile tulivyoviona kwa macho tuliviokota kwenye ndoo, tukavianika juu ya mabati mpaka vikawa kama changarawe. Usivitupe kwenye shimo la mboji! Huko utakuwa umevitandikia kitanda.

Zilizobaki, nazo zilibaki, zilichipuka mara tu dada alipoanza kumwagilia. Hapo kazi ni ya mtu mwenye subira: kila baada ya wiki mbili, pita uondoe kila jani kabla mmea haujapata nafasi ya kutunga vijiazi vipya. Kijiazi kinatumia akiba yake kutoa majani, ukiyaondoa kinatumia tena, mwisho akiba inaisha. Tena ndago haipendi kivuli. Dada alipanda viazi vitamu na kunde zinazotambaa katika sehemu ile, na majani yake yalipofunga ardhi, zile ndago chache zilizobaki zilikuwa nyembamba na za manjano kama mtu aliyetoka homa.

(Wasomaji wa Meru, Kiambu na kwingineko kwenye baridi wataniuliza juu ya sangari. Ni ndugu wa tabia ya ndago: kila kipande cha ule mzizi mweupe unaotambaa huwa mmea mpya. Tumia jembe la meno, kung'uta udongo, anika juani. Usiikatekate, na usilime kukiwa na mvua.)

Kuhusu samadi sikuiacha, maana kosa halikuwa la samadi. Sasa dada huirundika pembeni, anaimwagia maji, na kuifunika kwa matandazo. Ndani yake hupata joto kali na mbegu nyingi hufa. Huigeuza mara kwa mara ili iliyo nje iingie ndani. Halafu kabla ya kuipeleka bustanini, huitandaza na kuinyeshea maji kwa siku kadhaa, ili mbegu zilizosalia ziote pale pale mbele ya macho yake, kisha anazipalilia zikiwa na majani mawili tu. Miezi mitatu ya kungoja. Mimi sikungoja hata masaa matatu.

Lakini limebaki jambo moja ambalo dada na mimi hatujakubaliana hadi leo. Kwenye ua wake, mpakani na jirani wa upande wa pili, upo mti mmoja mkubwa wa mathenge ambao hakuna anayekumbuka ulipandwa na nani. Mimi nilikuwa nimeshaleta shoka. Jirani huyo ni ajuza mjane, na aliposikia sauti ya sururu alikuja akasimama chini ya mti akiwa amejishikilia na fimbo yake. Akamwambia dada kwamba chini ya mti huo ndipo mbuzi wake wanne wanaposhinda kutwa kujikinga na jua, na kwamba matawi yake ndiyo anayochomea makaa yanayomnunulia unga na majani ya chai. "Mwanangu," akasema, "hiki ukikiita gugu, mimi nitaitwa nani?"

Nilianza kumweleza habari za mbegu na serikali. Dada akanikanyaga mguu, ninyamaze.

Wakaelewana wao wawili. Matawi ni ya yule bibi, na huyakata kila mwaka mti unapotoa maua, kabla haujafunga maganda. Yale maganda yanayoponyoka, watoto huyaokota chini, huyatwanga katika kinu mpaka mbegu zenyewe zivunjike, kisha huchanganywa kidogo na nyasi na kulishwa mbuzi. Mbegu iliyovunjika haioti. Mimi bado nasema mti ule ungeng'olewa, kwa sababu watoto ni watoto, na ganda moja likisahaulika chini ya ua lina mbegu za kutosha kuanza upya. Dada anasema mimi naishi Nairobi.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Kijana yuko shuleni na karo ya muhula imelipwa, ingawa salio dogo lilibaki. Viazi vitamu vimekuwa vingi mpaka amechoka kuvila. Ndago bado zipo, amehesabu shina kumi na moja mwezi huu. Mathenge amekuta mche mmoja karibu na tangi la maji, wa urefu wa kidole, akaung'oa na mzizi wake wote na kuuweka kwenye dirisha la jikoni ukauke, ili niuone nikienda.

Juma lijalo, tukijaliwa, nitawajibu wale watatu walioniandikia kuhusu nyanya zinazooza matakoni. Wenye maswali mengine waandike mapema, na tafadhali semeni mnaishi wapi, kwani dawa ya Kisumu si dawa ya Isiolo.